Rosa Lewis: Kilichomtoa Jikoni Si Mfalme, Wala Si Bidii Tupu

Tamthilia za majumba makubwa ya Waingereza, za enzi ya Mfalme Edward VII aliyetawala kuanzia 1901 hadi 1910, zimepata watazamaji wengi upya, na nyuma yake yamekuja maandiko mafupi ya kutia moyo: fulani alianza kwa kuosha sufuria akaishia kumiliki hoteli. Jina la Rosa Lewis, mpishi wa London aliyeishia kushika Hoteli ya Cavendish, halikosekani humo. Wanaomtaja hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza linasema alichapa kazi na kazi ikamlipa. La pili linanong'ona kwamba mfalme alimpenda na mengine yakafuata. Makundi yote mawili yanakosea, na kosa lao lina madhara, kwa sababu hadithi hizi ndizo anazosimuliwa dada wa kazi anapouliza lini naye atatoka. Rosa alitoka kwa mambo matatu yaliyokutana: alijifunza ufundi ambao soko liliuthamini, aliacha kuuza siku zake kwa mshahara akaanza kuuza shughuli kwa bei ya tenda, na sheria ya nchi yake ilikuwa imeshamruhusu mke kumiliki alichokichuma. Ondoa moja kati ya hayo na Rosa anabaki mpishi mzuri wa nyumba ya watu.

Alizaliwa Leyton, Essex, Septemba 1867, kwa jina la Rosa Ovenden, mtoto wa tano kati ya tisa. Baba yake alikuwa fundi saa. Alipofika miaka 12 aliacha shule akaingia kazi za ndani kwa ujira wa shilingi moja kwa wiki, pamoja na chakula na mahali pa kulala. Shilingi hiyo ya Kiingereza, mama wa shilingi zetu za Afrika Mashariki, ilikuwa sehemu ya ishirini ya pauni, kwa hiyo mwaka mzima ulimpa pauni mbili na shilingi kumi na mbili. Hakuwa na upekee wowote katika hilo. Hesabu ya watu ya mwaka 1901 ilikuta wanawake takriban milioni 1.3 katika utumishi wa ndani huko Uingereza na Wales, na hakuna kazi nyingine iliyobeba wanawake wengi kiasi hicho.

Wasimulizi wa bidii hupenda kupita haraka kwenye chumba cha kuoshea vyombo, kana kwamba ni mahali pa mateso tu. Mateso yalikuwepo, ila pia palikuwa na elimu, na bila kuielewa hatuelewi Rosa alipata nini. Sufuria za jikoni kubwa zilikuwa za shaba, zimepakwa bati kwa ndani. Shaba hupitisha moto sawasawa, lakini ikigusana na siki, ndimu au divai hutoa kutu ya kijani yenye sumu, ndiyo maana ya lile bati. Nje sufuria ilisuguliwa kwa mchanga laini, chumvi na siki au maganda ya limau, kisha ikasuuzwa na kukaushwa papo hapo, maana ikiachwa na unyevu huingia madoa. Ndani haikusuguliwa kwa mchanga kamwe, kwa sababu mchanga hula bati. Na bati huyeyuka kwenye nyuzi joto 232 tu: sufuria ikisahauliwa tupu juu ya jiko la makaa ya mawe kwa dakika chache, bati hukusanyika vitone vitone na shaba inabaki uchi, na hapo lazima ipelekwe kupakwa upya. Msichana aliyeosha sufuria hizo miezi kadhaa aliweza kusoma makosa ya mpishi bila kuambiwa. Akikuta mchuzi umegandia chini katikati, anajua moto ulikuwa mkali. Akikuta bati limefifia upande mmoja, anajua nani anapiga mwiko wa chuma. Wengi walioosha hawakusoma chochote humo kwa kuwa hakuna aliyewaachia nafasi ya kukitumia walichokiona. Rosa aliipata nafasi hiyo, na tofauti hiyo ndiyo inayostahili kuchunguzwa.

Nafasi yenyewe ilitokana na siasa za Ufaransa. Sheria ya mwaka 1886 iliwafukuza wakuu wa koo zilizodai ufalme wa nchi hiyo, na mmoja wao, Comte de Paris, akahamia Uingereza, akakaa Sheen House, pembezoni mwa London. Jikoni mwake palipikwa kama Ufaransa. Rosa aliingia kama mwosha vyombo, akapanda ngazi hadi kuwa msaidizi mwandamizi wa jikoni, na akaazimwa kwa ndugu wengine wa ukoo huo. Tuelewe uzito wake. Siku zile familia tajiri ya Kiingereza iliyotaka kujionyesha iliajiri mpishi mwanaume Mfaransa, na mshahara wake ulimwacha mbali sana mpishi mwanamke. Escoffier, mpishi Mfaransa maarufu wa zama hizo, alikuwa hoteli ya Savoy kuanzia 1890 kisha Carlton kuanzia 1899, na majiko ya hoteli hizo yalikuwa ya wanaume. Mwanamke aliitwa mpishi wa kawaida: nyama ya kuoka, viazi, kabichi, na pudini. Mlango wa kujifunza michuzi ya msingi, jeli za nyama na namna ya kutoa mifupa ya ndege bila kuchana ngozi ulikuwa umefungwa kwake. Nyumba ya mkimbizi wa kifalme, yenye jikoni la Kifaransa na mabinti wa Kiingereza wa kuosha vyombo, ilikuwa ufa katika ukuta huo. Rosa alipita kwenye ufa. Hiyo ni bahati aliyoshika kwa mikono miwili, na anayesema ni bidii tupu amefuta nusu ya sentensi.

Baadaye alipika kwa Lady Randolph Churchill na kwa nyumba nyingine za daraja la juu, na mwaka 1893 akaolewa na Excelsior Lewis, aliyekuwa mkuu wa watumishi wa kiume katika nyumba ya kitajiri. Baada ya ndoa ndipo alipofanya jambo ambalo naliona kubwa kuliko yote: aliacha kuwa mpishi wa nyumba akawa mpishi wa shughuli. Kwa anayejua Pwani yetu, neno hilo halihitaji maelezo. London ilikuwa na msimu, hasa kuanzia Mei hadi Julai, ambapo karamu na dansi zilifuatana usiku kwa usiku. Mtindo wa kupakua ulikuwa umebadilika pia. Zamani vyakula vyote viliwekwa mezani kwa mpigo. Sasa vilitoka kimoja kimoja, supu, samaki, nyama ya mchuzi, ndege wa kuoka, kitamu, kila kimoja kwa moto wake na wahudumu wake. Mtindo huo ulidai jikoni lenye mikono mingi kwa usiku mmoja, na usiku wa pili mikono hiyo haina kazi. Kumweka mpishi wa hali ya juu mwaka mzima kwa ajili ya usiku kumi au kumi na tano kulikuwa ghali mno. Kumkodi kwa usiku huo kulikuwa nafuu kwa mwenye nyumba, na kwa mpishi kulilipa kuliko mshahara, kwa sababu sasa aliuza nyama, barafu, wasaidizi na jina lake katika bei moja.

Kazi hiyo ilibeba hatari ambayo mpishi wa mshahara haijui. Unaingia jikoni usiloliwahi kuliona. Jiko la makaa ya mawe lina tabia zake. Bomba la moshi lililoziba masizi hufanya tanuri moja iwake na ya pili ipoe. Chumba cha kulia chaweza kuwa ghorofa mbili juu. Kwa hiyo mlo wa usiku wa dansi uliegemea vyakula baridi, na moyo wake ulikuwa jeli. Jeli ya kweli ilianza siku moja kabla: miguu 2 ya ndama ndani ya lita 3 na zaidi za maji, ichemke polepole saa 6 au 7 hadi maji yabaki nusu, ipoe usiku kucha, mafuta yatolewe juu. Kesho yake hurudishwa motoni na ute wa mayai uliopigwa pamoja na maganda yake, ukikorogwa mpaka karibu na kuchemka, kisha mkono unatolewa kabisa. Ute huganda na kupanda juu ukiwa umekamata takataka zote. Atakayekoroga tena baada ya hapo ameiharibu, na atakayeuminya mfuko wa kuchujia ili apate haraka ataona ukungu katika kila bakuli. Ikitoka nyepesi, joto la Juni na mamia ya mishumaa ukumbini vitaiyeyusha kabla ya saa saba za usiku. Ikizidi kuwa nzito, hutafunwa kama mpira. Barafu ya kuishikilia ililetwa kwa meli kutoka Norway au kununuliwa kwenye viwanda vipya vya barafu, nayo ilikuwa gharama ya mpishi mwenye tenda. Rosa alikwenda kwenye shughuli hizi na kikosi cha wanawake aliowafundisha mwenyewe, wamevaa nyeupe, yeye na kofia ndefu ya mpishi kichwani. Kofia ile ilikuwa ya wanaume. Kuivaa mbele ya wahudumu wa kiume wa nyumba ya watu kulikuwa tamko la bei.

Hapo hoja ya mfalme inaingia, na nitaipa haki yake kwanza. Ni kweli Edward, tangu akiwa mwana wa mfalme, alipenda chakula cha Rosa, na mwenye nyumba aliyetarajia ugeni wake alitaka mpishi ambaye mgeni huyo tayari amemkubali. Kumkaribisha Edward kulikuwa gharama ya kutisha na aibu ya kukosea ilidumu. Kumkodi Rosa kulikuwa kama kukata bima. Kwa maana hiyo mfalme alikuwa tangazo ambalo pesa haiwezi kununua. Wanaokwenda mbali zaidi husema ndoa ya 1893 na nyumba ya Eaton Terrace vilipangwa ili Edward apate mahali pa faragha, na kwamba utajiri wote ulitoka hapo. Hoja hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote. Edward alikuwa na wapenzi wengi wanaojulikana kwa majina, na hakuna hata mmoja aliyeondoka na biashara ya kupika. Alipofariki Mei 1910, oda za Rosa hazikufa naye. Na Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani, alipokaa Highcliffe Castle mwishoni mwa 1907, alipikiwa na Rosa kwa wiki kadhaa. Huyo hakuwa na deni lolote la kimapenzi la kumlipa. Uvumi wa kitandani una kazi moja tu: kila mwanamke anapofanikiwa, humwondolea ufundi wake na kumkabidhi mwanaume.

Anayetaka kuona ufundi wenyewe aangalie pudini ya kware, ambayo jina la Rosa limeshikamana nayo kuliko chakula kingine chochote. Kware ni ndege mdogo, nyama yake huiva upesi na kukauka upesi zaidi. Ukimwoka kwa ajili ya watu wengi, nusu watafika mezani wamekuwa makapi. Rosa alichukua chakula cha maskini wa Kiingereza, pudini ya mafuta ya figo, akamfungia kware ndani. Kanuni ya unga wake ni rahisi: gramu 250 za unga wa ngano kwa gramu 125 za mafuta ya figo ya ng'ombe yaliyokatwa vipande vidogo, beking pauda, chumvi, na maji baridi ya kushikisha tu. Bakuli hutandikwa unga huo, chini huwekwa kipande chembamba cha nyama ya ng'ombe, juu kware, uyoga na mchuzi mzito, kisha hufunikwa kwa unga na kufungwa kitambaa chenye pindo, maana unga utaumuka na kitambaa kilichokazwa kitaukandamiza. Mengine ni mvuke. Hapa ndipo wengi huharibu. Mafuta ya figo huyeyuka kwenye nyuzi joto 45 hadi 50 hivi, ilhali wanga wa ngano huanza kushika kuanzia nyuzi 60. Bakuli likiingia kwenye maji yasiyochemka, mafuta yanatoroka kabla unga haujashika na unapata donge zito lenye ulenda wa mafuta. Likiingia kwenye maji yanayotokota, unga unashika wakati vipande vya mafuta bado vinayeyuka, vinaacha matundu, na pudini inakuwa nyepesi. Maji yakipungua huongezwa ya moto, kamwe si baridi. Kware ndani hawezi kukauka kwa kuwa amezungukwa na mchuzi, na mchuzi wake unanyonywa na unga. Zaidi ya hayo, pudini ikiwa tayari husubiri saa nzima bila kuharibika, na kwa mpishi aliye katika jikoni la watu, chakula kinachoweza kumsubiri mgeni aliyechelewa ni dhahabu. Mfalme aliyezoea Wafaransa alipewa chakula cha yaya wake kilichopikwa kwa akili ya Kifaransa. Huo ni ubunifu wa kibiashara sawasawa na mashine yoyote.

Hoja ya bidii ina nguvu zaidi, na sitaidharau. Mtu mvivu asingesimama saa kumi na sita kando ya jiko la makaa. Lakini tufanye hesabu. Mwaka 1902 Rosa aliichukua Hoteli ya Cavendish, mtaa wa Jermyn, London. Mume wake na dada wa mume waliiendesha vibaya, ulevi ukaingia, na madeni yakafika kiasi cha pauni 5,000. Hizo ni shilingi 100,000. Kwa ujira wake wa kwanza wa shilingi moja kwa wiki, bila kula wala kuvaa, angehitaji zaidi ya miaka 1,900 kuzilipa. Hata kwa mshahara wa mpishi mkuu wa nyumba, deni lile lingemzika. Alilipa kwa sababu alikuwa na tenda, na kila dansi ilileta faida ambayo hakuna mshahara ungeileta. Wale wengine milioni na zaidi walikuwa na bidii ileile. Walikosa kitu cha kuuza kwa bei yao wenyewe.

Jambo la tatu halitajwi kabisa katika maandiko ya kutia moyo, labda kwa sababu sheria haina mvuto. Kwa desturi ya zamani ya sheria ya Uingereza, mwanamke akiolewa fedha na vitu vyake vilikuwa vya mumewe. Sheria ya 1870 ilianza kumwachia mshahara wake, na ile ya 1882 ikampa haki ya kumiliki mali, kuingia mikataba na kushtaki kwa jina lake. Rosa aliolewa miaka kumi na moja baadaye. Alipoona Cavendish inazama, alimwondoa mume na wifi, akaishika mwenyewe. Mpishi mwenye kipaji kilekile, aliyeolewa na mlevi yuleyule mwaka 1860, angefanya kazi maisha yake yote kwa wadai wa mumewe. Wanawake waliopigania sheria ile mbele ya Bunge wanastahili kiti katika hadithi ya Rosa kuliko mfalme yeyote.

Kuna anayeweza kusema kwamba nimechagua mtu mmoja wa pekee, na kwamba mmoja hathibitishi kitu. Basi tumtazame Agnes Marshall, aliyeanzisha shule yake ya upishi Mortimer Street, London, mwaka 1883, akauza vyombo, kalibu na mashine ya aiskrimu iliyobuniwa kwa jina lake. Njia yake ni tofauti, mafunzo na vifaa badala ya tenda, ila nguzo zake ni zilezile: ufundi wenye bei, na biashara aliyoiendesha pamoja na mumewe mara tu sheria mpya ilipoanza kutumika.

Cavendish yenyewe ilipangwa kwa akili ya mpishi wa shughuli. Wageni walikaa katika vyumba vya familia nzima na kula faraghani, mlo ukipelekwa kwao, kama kila chumba ni nyumba ndogo iliyomkodi Rosa. Udhaifu ulikuwa humohumo. Biashara iliyojengwa juu ya tabaka moja husimama na tabaka hilo. Vita vilipoanza 1914, Rosa alimtoa Kaiser, yaani picha yake aliyokuwa amemzawadia, akaitundika katika choo cha wanaume. Maofisa vijana waliokuja likizo kutoka mstari wa mbele aliwalisha na kuwanywesha, na bili ikaandikwa kwa mgeni mwingine aliyeonekana ana uwezo. Wengi husimulia hili kama ukarimu, na ulikuwa ukarimu wa kweli. Vijana wale wengi hawakurudi. Kwa hesabu, hata hivyo, ulikuwa mfumo unaomtegemea tajiri asiyesoma bili yake, na baada ya vita matajiri wa aina hiyo waliendelea kupungua. Bomu liliiharibu hoteli mwaka 1941. Rosa alifia humo Novemba 1952, na jengo likabomolewa mwaka 1962.

Hadithi yake inapotumiwa leo kumwambia mfanyakazi wa ndani avumilie, kuna mambo mawili ya zama zake yanayofaa kuwekwa pembeni yake. Mwaka 1911 Bunge lilipopitisha bima ya taifa iliyowahusisha watumishi wa ndani, mabibi wenye nyumba walijaza ukumbi wa Royal Albert Hall kuipinga, kwa kuwa wangetakiwa kuchangia senti chache kila wiki na kubandika stempu kwenye kadi za watumishi wao. Na viwanda vya silaha vilipofungua milango wakati wa vita, wanawake takriban 400,000 waliacha utumishi wa ndani. Wachache sana kati yao walikuwa wakitafuta hoteli. Walifuata mshahara wa wiki unaojulikana, saa za kazi zenye mwisho, na jioni ambayo hakuna kengele ya kuwaita.